AMWITA BINAMU YAKE TAPELI KWENYE GRUPU LA UKOO, KUMBE TATIZO NI VUMBI!

Jamaa mmoja wa Kimali, mkoani Simiyu, aliuza pamba yake, akaongezea na hela ya mchezo, akanunua kompyuta ya mtumba kwa binamu yake anayeishi Mwanza. Akafungua chumba cha gemu, mechi shilingi 500. Wiki za mwanzo watoto wanapanga foleni. Msimu wa pamba ulipochanganya, gemu likaanza kukwamakwama. Mtu anapiga shuti, picha inaganda, ikirudi mpira umeshatoka nje. Wateja wakahama mmoja mmoja.

Jamaa hakuuliza. Aliingia grupu la ukoo WhatsApp, akaandika kwamba binamu yake ni tapeli, kamuuzia kimeo. Binamu akasoma, hakujibu, akatoka kwenye grupu. Mama zao wakaanza kununiana.

Aliyeokoa jahazi ni dogo fundi simu. Jamaa alikuwa akimwonyesha kona ya skrini: "Si unaona, fremu 60 hizi, mbona inakwama?" Dogo akamwambia, "Bro, hiyo ni wastani tu." Fremu 60 kwa sekunde maana yake kila moja inatakiwa itoke ndani ya milisekunde kama 17. Moja ikichelewa mpaka 100, wastani unashuka kidogo tu, lakini jicho limeshashtuka.

Hakushika bisibisi kwanza. Aliuliza inakwama SAA NGAPI. Ikikwama kila unapoingia mtaa mpya ndani ya gemu, mtuhumiwa wa kwanza ni diski nzito. Ukiwa umefungua na mambo mengine kibao, angalia RAM. Akapunguza ubora wa picha mpaka chini kabisa; kukwama kukabaki vilevile. Basi kadi ya picha haikuwa mshukiwa mkuu. Halafu jamaa akakumbuka: dakika kumi za mwanzo huwa poa, mateso yanaanza baadaye.

Hapo dogo akafungua programu ya kupima joto, wakacheza huku wanaangalia. Prosesa ikapanda mpaka digrii 97, na spidi yake ikaporomoka. Prosesa ikizidiwa na joto hujipunguza yenyewe ili isiungue, ndiyo maana picha inaganda.

Wakazima, wakachomoa umeme, wakafungua. Lahaula! Vumbi limejaa kwenye feni kama blanketi. Kompyuta ilikuwa imewekwa chini, mlangoni, na malori ya pamba yanapita nje kutwa nzima. Wakasafisha kwa brashi, feni wameishika kwa kidole isizunguke, wakafuta ile dawa iliyokauka juu ya prosesa, wakapaka mpya. Joto likaishia digrii 71. Kukwama kukabaki kidogo tu pale gemu linapofunguka, kwa sababu diski ni ya zamani.

Kompyuta ikapandishwa mezani. Binamu je? Simu hapokei. Jamaa akapiga picha ya lile vumbi, akaliweka kwenye grupu lilelile alikomtukania, akaandika: "Kosa ni langu. Kaka, nisamehe." Mama mtu akamrudisha binamu kwenye grupu.

Siku mbili kimya. Ya tatu ikaingia meseji moja: "Safisha kila mwezi, dogo."

Hajasema kama amesamehe. Wadau, hiyo mnaisomaje?