Fuko na Chura wa Kijito

Sisi tuliokulia kwenye vilima vya Butembo tunawafahamu majirani wawili ambao watu hawapendi kuwaweka pamoja: fuko na chura wa kijito. Mmoja tunamwita adui wa shamba. Wa pili, machoni pa wengi, hana kazi yoyote.

Tuanze na fuko, maana yeye ndiye tunamsema sana. Eti ni kipofu! Macho anayo, ila ni madogo. Anachimba kwa meno ya mbele, halafu anausukuma udongo nje. Kila mmoja anakaa peke yake katika shimo lake, na akitaka kumjulisha jirani kwamba yupo, anagonga paa la shimo kwa kichwa. Chakula chake ni mizizi, na hapo ndipo ugomvi wetu naye unapoanzia: viazi vitamu, muhogo, hata mizizi ya migomba. Wababa wanamtega kwa akili. Wanafungua njia yake, wanatia kitanzi kilichofungwa kwenye fimbo iliyopindwa. Fuko hapendi mwanga na upepo viingie kwake, basi anakuja kuziba, na fimbo inaruka. Kumbe kulinda nyumba ndiko kunakomuua.

Chura hana cha kuziba. Ngozi yake inapitisha maji na hewa, mayai yake hayana gamba, na watoto wake wanaanza maisha wakiogelea kama samaki. Kinachomwagwa mtoni kinamwingia mwilini moja kwa moja. Mbelgiji de Witte alipokusanya vyura katika Hifadhi ya Albert, ambayo leo ni Virunga, kati ya 1933 na 1935, Butembo haikuwa bado mji. Ilipewa hadhi ya mji 2003, pamoja na Beni. Leo Kimemi, unaokatiza katikati yetu, unapokea sabuni, mafuta ya garaji na takataka za soko. Mabonde nayo yanachimbwa matofali au yanajazwa udongo ili kujengwa.

Fuko tunamtega kila msimu, na bado vichuguu vyake vinaota kati ya matuta. Chura hatukumtegea hata siku moja, lakini kandokando ya Kimemi sauti yake tunaisikia kwa nadra. Kwa kumsikia vizuri inabidi kupanda hadi kwenye vijito vya juu, kule ambako nyumba hazijafika. Wamama nao wanapanda njia hiyohiyo na bido zao, kutafuta maji ya kunywa.