Treni moja, safari mbili: vituko vya begi mgongoni

Wapo washikaji wanaoapa kwamba Mzungu hana utu, ukidondoka mbele yake anakuruka kama dimbwi. Mwaka 2023 mimi na swahiba wangu tulizunguka mamtoni wiki tatu, begi mgongoni, mshiko wa kuhesabu. Nakwambia msomaji wangu, si kweli. Mzungu hakuanzi tu. Ukimwanza wewe, mbona utamchoka!

Tuanze na Berlin. Tulikuwa tunaisaka Lucy-Lameck-Straße, barabara iliyoko Neukölln. Zamani ilibeba jina la Hermann von Wissmann, yule ofisa wa Kijerumani aliyepigana na Abushiri huku pwani yetu mwaka 1889. Mwaka 2021 jina lake liling'olewa, likawekwa la mama yetu Lucy Lameck, naibu waziri wa miaka ya 60. Tukazunguka weee, hola. Mbele yetu mzee kanuna, yeye na mbwa wake. Nikajitosa, nikamsalimia kwa Kijerumani cha kuungaunga. Bwana we! Alitusindikiza mpaka kwenye kibao. Tulipomwambia kwamba "shule" ni Schule ya kwao, na "hela" tumeipata kwenye Heller, sarafu yao ya enzi za ukoloni, alicheka mpaka mbwa akabweka. Akatununulia soseji na chipsi. Mtu aliyekuwa kanuna!

Kasheshe yenyewe ilitukuta kwenye treni ya kwenda Köln. Treni ile ilikuwa mbili zilizoungwa. Zikifika Hamm zilikuwa zinaachana: moja ilipita Wuppertal kwenda Köln, nyingine ilipita Dortmund na Essen kwenda Düsseldorf. Na ukiwa ndani huwezi kutoka hii ukaingia ile.

Pale Hannover swahiba alishuka kunyoosha miguu. Mara filimbi, akarukia mlango wa karibu. Kumbe ni wa treni ya pili! Mimi najua yuko chooni. Tulipoachana na wenzetu Hamm, nikapita behewa hadi behewa. Hayupo. Pasi yake, tiketi, simu, hata koti, vyote viko kwenye kiti cha pembeni yangu. Mkaguzi wa huko akimuuliza yeye ni nani, ataonyesha nini? Jasho lilinitoka.

Nikamgeukia mama mmoja aliyekuwa akifuma soksi tangu Berlin bila kuinua macho. Nikamweleza kwa Kiingereza. Akaweka sindano chini, akamfuata mkaguzi. Mkaguzi akampigia mwenzake wa treni ile: mtafute kijana mwenye jezi ya Yanga. Baada ya dakika 10 jibu likaja: yupo, anakula mkate wa abiria!

Huko nako mwanafunzi mmoja alishajitolea kumlipia nauli, na akamleta mpaka Köln. Yule mama wa soksi alikaa nami zaidi ya saa nzima mbele ya kanisa kuu lililo jirani na stesheni, lile lenye minara ya mita 157, mpaka swahiba akatokea akitabasamu kama bwana harusi.

Nilimuuliza yule mama kwa nini hakunisemesha alipoona nahangaika. Akasema alitamani, ila aliogopa kuniingilia. Hapo ndipo nilipoelewa. Kwetu ukihaha ndani ya daladala, konda, dereva na abiria wote wanataka kujua una nini. Kwao heshima ni kukuachia lako mpaka ufungue mdomo. Anayekaa kimya akisubiri aulizwe "vipi ndugu, kuna tatizo?" atarudi nyumbani akiamini watu wote wa huko ni barafu, kumbe msaada ulikuwa kiti cha pili.

Kwa hiyo wewe unayepanga safari, shika haya matatu. Pasi kila mtu akae na yake. Kabla ya kupanda, soma mlangoni behewa hilo linakwenda wapi. Na salamu usizibanie, maana hazilipiwi visa. Nauli? Hiyo tafuta mwenyewe, mimi simo!