Taa ya Kangemi

Baada ya sala ya Adhuhuri katika Msikiti wa Jamia, uliojengwa katikati ya jiji la Nairobi baina ya 1925 na 1933, nilipanda matatu, nikapita Westlands hadi Kangemi. Nilikwenda kununua kifuniko kikubwa cha taa, cha vioo vya rangi, kwa ajili ya sebule yetu. Sisi wa pwani si wageni wa vioo hivyo. Aliyefika Unguja akaitazama Zahanati ya Kale anavijua. Lakini namna vinavyoungwa sikupata kuiona.

Katika karakana nilimkuta mama mmoja ameinamia kalibu ya mviringo. Kila kipande hukatwa kwa kufuata mchoro, kingo zake zikasuguliwa, kisha huzungushiwa utepe mwembamba wa shaba. Hapo vipande hupangwa juu ya kalibu na kuungwa kwa lehemu ya bati na risasi, nje na ndani. Kila kipande kikizidi kidogo tu, cha mwisho hakiingii. Na mbele yake palikuwa na mamia ya vipande.

"Kioo hakitaki haraka, sheikh," aliniambia.

Alinawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa kikombe cha chai, kwani risasi ni sumu. Kwa sababu hiyo hiyo wanawe hawaruhusiwi kuikaribia meza ile.

Nami nilikuwa nimekuja na nia ya kuomba bei ishushwe nusu! Ulimi ukawa mzito.

Nikakumbuka habari za New York, zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Taa za namna hii zilivuma kwa jina la Tiffany, hali nyingi zilibuniwa na Clara Driscoll, na vioo vyake vikachaguliwa na kukatwa na wanawake aliowaongoza. Sehemu yake haikujulikana sawasawa mpaka barua zake zilipoibuliwa katika karne hii.

Ndugu zangu, katika Sura An-Nur Mwenyezi Mungu amepiga mfano wa nuru Yake kwa taa iliyomo ndani ya kioo. Tuwashapo taa majumbani mwetu, tumkumbuke aliyeketi gizani akiunga kioo hicho. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametuhimiza tumlipe mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka.

Nililipa bei aliyoitaja, palepale.

Wabillahi tawfiq.