Lidice, Kijiji Kilichofutwa Katika Ramani

Msafiri atokaye Prague, mji mkuu wa Ucheki, akashika njia ya kaskazini-magharibi, baada ya mwendo wa kilomita 20 hivi hufika kwenye bonde pana lisilo na nyumba. Majani yamestawi, kijito chapita chini, na miti imesimama mmoja mmoja kwenye mteremko. Asiyeambiwa khabari za mahali hapo angelidhani ni malisho tu. Lakini bonde hilo lilikuwa na kijiji kiitwacho Lidice, chenye watu wapatao 500, kanisa la Mtakatifu Martin, shule, bwawa, na makaburi ya wazee wao.

Kijiji kilikuwa cha kale. Jina lake limetajwa katika maandishi tangu mwaka 1318, na kwa karne nyingi watu wake waliishi kwa kulima, kama vijiji vingine vya nchi ya Bohemia ambavyo historia haina haja ya kuvitaja. Katika karne ya 19 yalichimbwa makaa ya mawe katika mji wa Kladno ulio karibu, vikajengwa na viwanda vya chuma. Basi wanaume wa Lidice wakawa wanatoka kwenda migodini na viwandani na kurejea jioni. Wake zao wakabaki na bustani na kuku. Tunayataja haya mambo madogo kwa makusudi, kwani hapakuwa na ngome wala jeshi hapo. Palikuwa na watu wanaotafuta riziki yao.

Vita Kuu ya Pili ilipokuja, nchi hiyo ilikuwa mikononi mwa Wajerumani wa Hitler, na mtawala wao huko Prague alikuwa Reinhard Heydrich, mtu aliyeogopwa kwa ukatili wake. Tarehe 27 Mei 1942, askari wawili, Jozef Gabčík na Jan Kubiš, waliopata mafunzo Uingereza na kushushwa kwa miavuli, walimshambulia akiwa ndani ya gari lake. Akafa tarehe 4 Juni. Hitler akataka kisasi.

Kwa nini Lidice? Sababu yenyewe ni ya kustaajabisha. Ilinaswa barua ya mapenzi aliyoandikiwa msichana wa kiwandani, yenye maneno ya mafumbo, na wapelelezi wakayatafsiri wapendavyo. Tena ilijulikana kwamba vijana wawili wa kijiji hicho walikuwa wamekimbilia Uingereza na kuingia jeshini. Nyumba zilipekuliwa, hapakupatikana kitu. Watu wa Lidice hawakuhusika na kifo cha Heydrich. Lakini dhalimu akitafuta wa kumwadhibu, haulizi nani mwenye kosa.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Juni kijiji kilizungukwa. Wanawake na watoto wakapelekwa Kladno wakafungiwa katika shule. Wanaume, pamoja na vijana waliopita miaka 15, wakakusanywa katika shamba la jamaa ya Horák. Magodoro yakatolewa majumbani yakaegemezwa ukutani ili risasi zisirudi, kisha watu wakatolewa kwa makundi wakapigwa. Siku hiyo waliuawa 173, akiwamo padri wao Josef Štemberka, mzee wa miaka 73. Wengine ambao hawakuwapo nyumbani walitafutwa wakauawa baadaye. Wanawake walipelekwa katika kambi ya Ravensbrück. Watoto walitenganishwa na mama zao. 82 kati yao waliuawa kwa hewa ya sumu huko Chełmno, katika nchi ya Poland.

Hata hivyo kuua watu hakukutosha. Nyumba zilichomwa moto, kisha kuta zikalipuliwa kwa baruti. Kanisa likabomolewa, makaburi yakafukuliwa, bwawa likafukiwa, na kijito chenyewe kikageuzwa njia yake. Maana yake, isibaki alama hata moja ya kumwonyesha mtu kwamba hapa waliishi watu. Wenyewe walitangaza katika redio kwamba jina la Lidice limefutwa, na walipiga picha za sinema za kazi hiyo. Filamu hiyo ndiyo iliyokuja kuonyeshwa kuwa ushahidi juu yao mahakamani Nuremberg.

Tangazo lile liliwageukia. Mwaka ule ule wa 1942, kijiji kimoja cha Mexico na mtaa mmoja wa Illinois, Marekani, vilijipa jina la Lidice. Katika mji wa Stoke-on-Trent, Uingereza, daktari Barnett Stross aliwaita wachimba makaa wachange fedha kwa ajili ya wachimba makaa wenzao waliouawa, ili kijiji kijengwe tena.

Vita vilipokwisha wakarejea wanawake 143. Wengi hawakujua mpaka siku hiyo kwamba hawana tena mume wala nyumba. Watoto waliopatikana walikuwa 17 tu. Baadhi yao walikuwa wamelelewa na jamaa za Kijerumani hata wakasahau Kicheki, mama akawa hawezi kusemezana na mwanawe. Sisi twaona hilo ni zito kuliko kuta zote zilizoanguka.

Jiwe la msingi la Lidice mpya liliwekwa mwaka 1947, kando ya bonde la zamani, na mwaka 1955 ikafunguliwa bustani ya mawaridi yaliyoletwa kutoka nchi nyingi. Bonde lenyewe liliachwa wazi. Mwaka 1969 mchonga sanamu Marie Uchytilová alianza kuwafanyia sanamu wale watoto 82, wasichana 42 na wavulana 40. Alifariki mwaka 1989 kazi haijakwisha. Mumewe akaiendeleza, na mwaka 2000 sanamu zote za shaba zikawa zimesimama. Wamekaribiana kama watoto walioitwa pamoja, wakielekea bonde tupu, na wageni wajao huwawekea miguuni wanasesere na vitu vya kuchezea.