Kutoka Bungoma hadi Kitale, Pamoja na Mama

Mama yetu ni mzaliwa wa Mombasa, lakini zaidi ya nusu ya umri wake ameuishi Bungoma, mji ambao kazi ya reli ilimpeleka marehemu baba. Baba alipofariki tulimsihi arudi Pwani, naye akakataa. Alisema hawezi kuwaacha watoto anaowasomesha Qur'ani barazani pake, wala majirani Wabukusu wanaomwamkia "mulembe" kila asubuhi.

Mwanzoni mwa Mfungo Pili, dada yetu anayekaa naye alitupigia simu. Mkono wa kulia wa Mama ulikuwa ukitetemeka kila anapoutuliza mapajani. Hatua zake zilikuwa zimefupika. Jambo lililotutia hofu zaidi ni mwandiko wake: herufi alizowaandikia watoto ubaoni zilikuwa zikianza kubwa na kuishia ndogo mno, hata watoto wakashindwa kuzisoma.

Tulipanda treni hadi Nairobi, kisha basi la usiku, tukashuka Bungoma alfajiri. Kwa mtu wa Pwani mji huu si ugeni mtupu. Trela za miwa hupita barabarani kama mikokoteni ipitavyo kwetu, na adhana husikika juu ya kelele za bodaboda. Mumias, makao ya zamani ya Nabongo Mumia, haiko mbali, na huko ndiko misafara ya wafanyabiashara wa Pwani ilikoufikisha Uislamu katika karne ya 19.

Usiku ule tulikaa jikoni tukibishana kwa minong'ono. Mmoja wetu alisema ni kiharusi. Mwingine alitaka Mama apelekwe Mombasa akafanyiwe zinguo. Wa tatu alisema huo ni uzee tu. Tulikubaliana jambo moja, nalo ndilo tunalolijutia hadi leo: kwamba Mama asiambiwe neno mpaka tuwe na hakika.

Wataalamu wa ubongo na mishipa ya fahamu nchini ni wachache, na wengi wao wako Nairobi. Tulipopata habari kwamba yuko mmoja atakayeona wagonjwa Kitale, hatukungoja. Siku ya pili yake, baada ya swala ya alfajiri, tulipanda matatu.

Safari haifiki kilomita 100, ila nchi hubadilika sana njiani. Kutoka Kanduyi hadi Webuye ni miwa. Hapo Mama alituonyesha kilima cha Chetambe, ambako mwaka 1895 Wabukusu walijihami ndani ya boma lao dhidi ya jeshi la Waingereza. Kisha barabara huelekea kaskazini na kupanda: Misikhu, Kamukuywa, Kiminini. Miwa hupungua na mahindi hushika nafasi yake. Kushoto uko Mlima Elgon, lakini siku hiyo ulikuwa umefunikwa na wingu. Kitale iko mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, na baridi yake ilimfanya Mama ajifunike shuka juu ya buibui.

Daktari hakuanza na mashine. Alimwomba Mama atembee ukumbini na kugeuka, agonganishe kidole gumba na cha shahada upesi upesi, kisha aandike mstari mmoja. Akamwuliza kama bado husikia harufu ya udi. Mama alifikiri. Akajibu kwamba tangu mafua ya mwaka jana udi umempungukia, ila hakujua kama ni pua au ni udi wa siku hizi.

Kisha daktari akataka kuona dawa zote anazokunywa. Dada alimimina mfuko mezani. Miongoni mwa vidonge vya presha vilikuwamo vya kizunguzungu, viitwavyo sinarizini, ambavyo Mama alikuwa akivinunua dukani kwa karibu mwaka mzima bila kuandikiwa na daktari. Tulielezwa kwamba dawa hiyo ikitumiwa muda mrefu, hasa na wazee, yaweza kuleta mtetemeko, ukakamavu na uzito wa mwendo unaofanana sana na maradhi ya Parkinson, yale yaliyoelezwa na tabibu Mwingereza James Parkinson mwaka 1817. Hakuna kipimo cha damu cha kuyathibitisha. Daktari hutegemea macho yake, historia ya mgonjwa, na muda.

Alimwachisha vidonge vile. Akasema athari zake huenda zikachukua miezi kuondoka. Zikiondoka, dawa ndiyo iliyokuwa chanzo. Zikibaki, basi huenda maradhi yalikuwapo tangu mwanzo, na dawa iliyafichua tu. Kupungua kwa harufu kulimtia shaka upande huo wa pili. Turudi baada ya miezi mitatu, na ikibidi twende Eldoret kwa uchunguzi zaidi.

Mama akamtazama. "Kwa hiyo hujui?"

"Bado sijui, mama."

"Alhamdulillahi," akasema. "Nimepata mmoja wa kunieleza kweli. Hawa wanangu wananong'ona jikoni kama kwamba nimekwisha kufa."

Hatukuwa na la kujibu. Suratul Israa inatukataza hata kuwagunia wazazi, nasi tulikuwa tumemnyamazia, tukaita huo ni huruma.

Adhuhuri ilitukuta mjini. Mama aliona haya kuomba kiti msikitini, mpaka dada alipomkumbusha kwamba Mtume, rehema na amani zimfikie, alimruhusu Imran bin Husain kuswali ameketi anaposhindwa kusimama. Baadaye alitaka kuiona stesheni, mwisho wa tawi la reli lililofika Kitale mwaka 1926, kwani baba alikuwa akimletea viazi kutoka huko. Alisimama pale kitambo, mkono ukitetemeka, na kwa mara ya kwanza hakuuficha chini ya buibui.

Tangu siku hiyo tumegawana kazi waziwazi, naye akiwapo. Dada huandika daftarini, kwa tarehe, namna mkono na mwendo vilivyokuwa. Mazulia ya kumkwaza yameondolewa. Sisi wa Mombasa huweka akiba ya safari ijayo na kumpigia simu yeye mwenyewe, si dada peke yake. Kisomo hatukukiacha: majirani huja kumwombea, na tiba inaendelea. Akiingiwa na hofu humtaja Muhammad Ali, aliyegunduliwa na Parkinson mwaka 1984 akaishi zaidi ya miaka 30 baadaye.

Enyi akina mama na akina dada wenzetu, fungueni mifuko ya dawa ya wazee wenu na kuipeleka yote kwa daktari. Msiwaachishe dawa kwa rai yenu, maana nyingine huleta hatari zikikatwa ghafla. Na msiwafiche hali zao wenyewe.

Tunaandika haya miezi miwili tangu safari ile. Ziko siku mkono hutulia, na ziko siku haukubali. Juzi Mama alichoma udi, akatupigia simu kutuambia ameusikia kidogo. Hatujui maana yake. Mwezi ujao tutarudi Kitale pamoja naye, inshallah. Tuombeeni.