Aikido na Malezi ya Hasira

Kijana wetu alipotuomba ruhusa ya kujifunza aikido, nyumbani palizuka rai mbili. Mmoja wetu alichelea kwamba mtoto mwepesi wa hasira akifundishwa kupigana ni moto kutiwa mafuta. Mwingine akauliza jambo zito zaidi: watu wale humwinamia nani? Tukaafikiana tusiseme ndiyo wala la kabla ya kujua, kwani dini yetu imetukataza kufuata tusilo na elimu nalo.

Aikido ni sanaa ya kujihami iliyoasisiwa nchini Japani na Morihei Ueshiba, aliyezaliwa mwaka 1883 na kufariki mwaka 1969. Alijifunza kwanza mbinu za kale za mapigano kwa Sokaku Takeda, kisha akazigeuza zikawa njia yake mwenyewe. Jina la aikido likaanza kutumika rasmi mwaka 1942. Jina hilo limeundwa kwa maneno matatu: ai, yaani upatanifu, ki, nguvu ya uhai, na do, njia. Msingi wake ni kutoikabili nguvu kwa nguvu. Anayeshambuliwa huingia ubavuni mwa adui, au hugeuka kama mlango kwenye bawaba, akauacha msukumo upite. Kisha huuongoza mkono ule ule uliomjia, hata mwenyewe akaanguka au akalazwa chini bila kuvunjwa.

Tulikwenda kutazama mazoezi. Somo la kwanza halikuwa kupiga, bali kuanguka: kubiringika kwa bega na kuinuka salama. Baadaye wanafunzi hushika wawili wawili, huyu akishambulia na yule akijihami, kisha hubadilishana zamu. Anayeukunja mkono wa mwenzake amebeba amana. Mwenzake akigonga mkeka kwa kiganja, humwachia papo hapo. Katika shule nyingi za aikido hakuna mashindano wala medali, na daraja hupandwa kwa mtihani. Hapo tuliikumbuka Hadithi mashuhuri waliyoipokea Bukhari na Muslim, ambamo Mtume (s.a.w.) anatufundisha kwamba mwenye nguvu si bingwa wa kuwabwaga watu, bali ni yule anayeimiliki nafsi yake anapoghadhibika.

Ama suala la kuinama, hatukulipuuza. Kwa desturi, somo hufunguliwa na kufungwa kwa kuinama, aghalabu kwa kupiga magoti, kuelekea mbele ya ukumbi ilikotundikwa picha ya mwasisi. Kisha mwalimu na wanafunzi huinamiana. Wengi husema hiyo ni adabu tu, si ibada. Lakini mwasisi huyo alikuwa mfuasi wa dini ya Omoto, na kitendo chenye sura ya sijda si jambo jepesi kwa Muislamu, hata nia ikiwa safi. Tulimweleza mwalimu kwa upole kwamba kwetu rukuu na sijda ni haki ya Mwenyezi Mungu peke yake, tukaomba kijana wetu asimame wima na kuweka mkono kifuani. Akaridhia bila kinyongo. Lau angekataa, tungemshukuru na kurudi nyumbani.

Hasira haijamtoka mtoto wetu, kwani ni tabia ya mwanadamu. Hata hivyo, siku hizi mdogo wake akimsukuma, tunamwona akigeuka na kumpisha, mahali ambapo zamani angerudisha kwa ngumi.

Limebaki jambo moja linalotuumiza. Dada yake naye anataka kujifunza, na haja yake ya kujihami njiani haipungui ya kaka yake, pengine inazidi. Lakini mazoezi haya ni ya kushikana mikono na mabega, kwa hiyo tumeshikilia awe na wasichana wenzake, chini ya mwalimu wa kike. Darasa la namna hiyo hatujalipata, naye anasubiri kwa subira kuliko sisi. Tunawauliza wazazi wenzetu na viongozi wa madrasa: ikiwa tunawazuia binti zetu palipo na shubha, si wajibu wetu kuwafungulia mlango ulio halali? Mwenyezi Mungu atuwezeshe kuwalinda kwa vitendo, si kwa makatazo pekee. Amin.