Deni la Simba Watano

Simba wangu wa kwanza alikatika shingo saa nne asubuhi, siku ambayo Mama alidhani niko ndani ya chumba cha mtihani.

Kosa lilikuwa langu. Nilimtoa kwenye moldi baada ya saa chache tu kwa sababu nilitaka kumpiga picha nimweke WhatsApp. Halafu shingoni sikuwa nimetia waya hata mmoja. Fundi mmoja anayeuza maua na vyungu kando ya Barabara ya Ngong alinicheka hadi akakaa chini. Akaniambia simiti haishiki kwa kukauka, inashika kwa kunywa maji. Mwache kwenye moldi siku nzima, ukimtoa mfunike gunia lililolowa, umwagie maji asubuhi na jioni kwa wiki moja. Kama unauguza mtu.

Mengine nilijifunza kwa hasara. Karai moja la simiti kwa matatu ya mchanga uliochekechwa. Maji usizidishe, mchanganyiko ukiwa uji, sanamu inatoka dhaifu. Ukishamwaga, gonga moldi pande zote hewa itoke, la sivyo simba anatoka na uso wa ndui. (Wa pili alitoka hivyo. Nilimuuza usiku.)

Lakini moldi yenyewe ndiyo stori. Nilifinyanga simba kwa udongo, nikampaka silikoni kwa brashi, tabaka juu ya tabaka, kisha nikaivalisha ganda la plasta la vipande viwili ili isilegee. Silikoni si ya watu wamesota. Mimi nilikuwa nimesota, ila nilikuwa na Sh28,000 kwenye simu: karo ya semista ya pili, mwaka wa tatu. Mama aliipata kwa kuuza ndengu na mbuzi wawili.

Darasani nilikuwa nimeacha kuenda tangu muhula uliotangulia. Sina sababu ya kishujaa. Nilikuwa nakaa nyuma, nahesabu madirisha.

Mama alikuja Rongai Jumapili moja bila kupiga simu, ametoka Mwingi na basi la asubuhi. Akakuta bata sita wa simiti uani, na simba asiye na kichwa.

"Hawa ni wa nani?"

"Wangu, Mama."

"Na karo?"

Nikamwonyesha moldi.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alikaa juu ya mfuko wa simiti na leso yake ya kanisani, akatazama ukuta muda mrefu sana. Nikapika chai, ikapoa. Jioni nikasikia maji uani. Nilikuwa nimesahau kumwagilia bata, na yeye alikuwa ameinama na kopo, anainua gunia moja moja na kulirudisha polepole.

"Simba mmoja unauza ngapi?" aliuliza bila kugeuka.

"Elfu sita."

Akahesabu kwa vidole. "Basi nakudai simba watano."

"Ni wanne na kitu, Mama."

"Watano. Mbuzi mmoja alikuwa na mimba."

Mpaka sasa nimelipa watatu. Kila nikituma pesa anajibu kwa neno moja, "Simba," na nambari. Nyumbani hajamwambia mtu. Kanisani bado wananiombea mtihani.